Vitoto vya sungura havifi kwa roho nyepesi, vinakufa kwa tumbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nitoe dukuduku langu kuhusu vitoto vya sungura vinavyouzwa kandokando ya barabara kila sikukuu inapokaribia, vikiwa vimesongamana ndani ya maboksi ya biskuti yaliyotobolewa matundu, na ambavyo vingi, kwa ninavyoona mtaani kwetu hapa Morogoro, havimalizi hata wiki tatu mikononi mwa watoto walionunuliwa vitoto hivyo. Kitoto kikifa, mzazi humfariji mwanawe kwa maneno yale yale: sungura ana roho nyepesi, sungura hapendi kushikwashikwa, sungura akishtuka tu anakufa. Yapo ya kweli ndani yake, kwa maana sungura ni mnyama mwoga na woga wenyewe humfanya aache kula. Hata hivyo, baada ya kupoteza wawili na kulea wengine waliofikia utu uzima, nimeamini kwamba wengi wao wanauawa na tumbo, na kwamba tumbo hilo tunaliharibu sisi wenyewe katika siku kumi za mwanzo kwa chakula tunachowapa kwa nia njema kabisa.

Desemba ya mwaka juzi nilimnunulia mjukuu wangu vitoto viwili, kimoja cheupe na kingine cha kijivu. Muuzaji aliniambia vina miezi miwili na kwamba vinakula kila kitu, maneno yaliyonifurahisha, kwani nilidhani gharama ya chakula nimeshaiepuka. Basi tukavipa kila kitu: karoti za Mgeta zilizokatwakatwa, majani ya kabichi, ndizi mbivu, vipande vya mkate, na bakuli la chakula cha kuku wa mayai kilichokuwa kimebaki stoo. Siku ya nne kile cheupe kilijikunyata pembeni, mgongo umepinda na macho yamefumba nusu, kikisaga meno kwa sauti ndogo ambayo mimi, kwa ujinga wangu, niliidhania kuwa ni ya kutafuna. Mjukuu aliniuliza, "Babu, mbona leo karoti haitaki?" Nikamjibu kwamba kimeshiba. Kulipokucha tulikikuta kimekufa, mkia na miguu ya nyuma imelowa kinyesi cha majimaji chenye ute kama wa yai bichi.

Nilikimbilia duka la dawa za mifugo nikiwa na kile cha kijivu ndani ya kikapu. Aliyekuwa kaunta hakufunua hata kitambaa akitazame. Alinishauri nitafute vidonge vya amoksilini, hivi hivi vya binadamu vya rangi mbili, nifungue kimoja na kuchanganya unga wake kidogo kwenye maji. Nilifanya hivyo. Siku mbili za mwanzo tulikiona kimechangamka, tukaanza kupongezana; siku ya tano kikaharisha, na ya sita tukakizika. Nasema tulikizika, lakini kabla ya hapo nilikibeba, kikiwa kimeshakufa, kwa daktari wa mifugo, maana sikutaka kumwambia mjukuu kwa mara ya pili kwamba sijui kilichotokea.

Sisi wa Morogoro tuna bahati ya kuishi jirani na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinachofundisha madaktari wa mifugo, kwa hiyo kumpata mmoja si safari. Huyo niliyemkuta alikipima, akakikuta hakifiki nusu kilo, akatazama meno, kisha akaniambia, "Mzee wangu, wewe hukuuziwa sungura. Umeuziwa mtoto wa kunyonya." Alipokipasua alinionyesha mfuko mkubwa ulioko pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, ambao kwa sungura unalizidi tumbo la chakula mara kadhaa kwa ujazo. Ulikuwa umevimba gesi na maji ya kahawia, na ukuta wake una madoa ya damu kama upele. "Hapa ndipo sungura anapoishi," alisema. Sikuielewa kauli hiyo siku ile, na ninaona ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu kuliko jambo lolote katika barua hii.

Sungura ni mla nyasi kama ng'ombe, ila hana matumbo manne wala hacheui. Chakula chake kikishapita tumboni na kwenye utumbo mwembamba, hufika mahali ambapo mwili wake unakipepeta, kama mama anavyopepeta mchele kwenye ungo: nyuzinyuzi ndefu na ngumu za nyasi husukumwa nje haraka zikiwa gololi kavu zile tunazozijua, na chembechembe ndogo pamoja na majimaji hurudishwa nyuma kwenye ule mfuko, ambako mabilioni ya bakteria wema huzichachusha na kutengeneza protini na vitamini za kundi B. Baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku au alfajiri, mfuko hutoa gololi za aina ya pili, laini, zenye utelezi, zimeshikana kama kishada cha zabibu, na sungura huinama akazila moja kwa moja zinapotoka. Huo si uchafu wala ugonjwa. Ndiyo namna yake ya kula mara ya pili. Mke wangu aliposikia hayo alisema mnyama huyo asimguse tena, lakini ameshazoea.

Sasa, mpepeto huo unaendeshwa na nyuzinyuzi. Zikipungua, matumbo hulegea, chakula hukaa mahali pamoja, na ndani ya mfuko bakteria wema hukosa riziki yao. Sukari na wanga vikizidi, kama tulivyofanya kwa mkate, ndizi na karoti, mabaki yake hufika kwenye mfuko ule bila kumeng'enywa na kuwalisha bakteria wabaya wa jamii ya klostridia, ambao huzaliana kwa kasi na kutoa sumu. Sungura naye hawezi kutapika, kwa hiyo alichokosea kula hakina njia ya kurudi. Gesi hujaa, maumivu humfanya aache kula, na kuacha kula kunazidi kuyasimamisha matumbo. Mkubwa anaweza kustahimili siku moja hivi akipata msaada. Kitoto kinaweza kulala kizima na kuamka maiti.

Kwa nini kitoto kidhurike zaidi? Jibu liko kwenye maziwa ya mama. Sungura jike hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika tatu hadi tano, kisha huondoka na kuviacha vitoto kiotani, na ndiyo maana wengi wetu humdhania kuwa amevitelekeza tukaanza kuvipa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, jambo ambalo nalo huharisha. Maziwa yake, yakifika tumboni mwa kitoto, hutoa mafuta yenye nguvu ya kuzuia vijidudu. Ulinzi huo unahitajika kwa sababu tumbo la kitoto bado halina asidi kali: pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali, ni kati ya 5 na 6.5, ilhali ya sungura mkubwa ni 1 hadi 2, kiwango kinachoua karibu kila kiumbe kidogo kinachoingia na chakula. Kitoto hufumbua macho kikiwa na siku kumi hivi, huanza kuonja majani kikiwa na wiki tatu, na kuanzia hapo maziwa hupungua polepole huku asidi ikiongezeka polepole na ule mfuko ukijaa bakteria wake, ambao baadhi yao hukipata kwa kula vinyesi ambavyo mama huviacha kiotani. Mambo hayo yanakwenda pamoja kwa wiki kadhaa. Ukikiachisha ziwa ghafla kikiwa na wiki nne, umeondoa ulinzi wa maziwa kabla ulinzi wa asidi haujakamilika, halafu siku hiyo hiyo umekiweka kwenye boksi, umekitenga na ndugu zake, umekipandisha bodaboda na kukipa kabichi ambayo hakijawahi kuiona.

Najua wafugaji wa biashara huachisha vitoto ziwa vikiwa na wiki nne hadi sita, na sina ugomvi nao, kwa sababu kwao vitoto hubaki bandani mulemule, chakula ni kile kile, na mwenye mali anavikagua asubuhi na jioni. Anayekwenda kuwa mnyama wa mtoto nyumbani ni habari nyingine. Huyo abaki na mama yake mpaka atimize wiki nane, na akihama, ahame na chakula alichokizoea, kisha kipya kiongezwe kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi.

Chakula chenyewe si cha ajabu. Ni nyasi, usiku na mchana, zisikosekane kabisa. Wenzetu wa Ulaya na Marekani hununua hei, yaani nyasi zilizokaushwa, za aina ya timothi zilizofungwa kwenye mifuko ya plastiki. Sisi tumezungukwa na nyasi lakini tunawapa wanyama wetu mkate. Robota la nyasi kavu za boma rodi linalouzwa kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa linatosha sungura wawili kwa muda mrefu. Asiye na uwezo huo akate ukoka mahali pasipopuliziwa dawa na pasipopita mbwa, autandaze juani siku mbili au tatu mpaka ukauke bila kupoteza ukijani na harufu yake, kisha auhifadhi pasipo na unyevu. Ulioota ukungu utupwe. Mabingobingo machanga yanafaa pia, na sungura wangu hupigania kishona nguo kuliko mboga yoyote ninayoweza kuwanunulia sokoni. Nyasi hizo zina kazi nyingine mdomoni: sungura ana meno 28, na yote hayaachi kukua, yale ya mbele yakirefuka zaidi ya milimita 2 kwa wiki, kwa hiyo asipotafuna kitu kigumu saa nyingi kila siku, meno humzidi, hushindwa kula, na tukarudi kule kule kwenye tumbo.

Kuhusu karoti nitasema jambo litakalowaudhi wajukuu. Karoti ni sukari. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara moja moja hakimdhuru sungura mkubwa, lakini si chakula chake, na kitoto hakihitaji kabisa. Tumemchukua sungura wa picha za katuni tukamfanya kipimo, na wengine wamemchanganya na sungura mjanja wa hadithi zetu, ambaye kwa kweli ni mnyama mwingine, yule wa porini anayezaliwa na manyoya na macho wazi. Huyu wa bandani asili yake ni Ulaya, huzaliwa kipofu na uchi, na hana ujanja wowote mbele ya ndizi mbivu: ukimpa ataila mpaka imuue.

Majani mabichi si haramu. Kitoto kilichokulia kijijini pamoja na mama anayekula mchicha na majani ya matembele kimekuwa kikiyaonja tangu wiki ya tatu, na kikiendelea nayo hakina neno. Kilichokua kwa pumba na chakula cha dukani ndicho cha kuhofiwa; hicho kisubiri wiki ya 12, kisha kipewe aina moja, jani moja au mawili, na asubuhi inayofuata utazame gololi kabla hujaongeza. Kabichi huleta gesi kwa wengi. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo, vitunguu, na parachichi, tunda lake na majani yake, ni sumu na yasisogezwe bandani. Kisamvu kibichi nacho nakiepuka, kwa sababu ile ile inayowafanya akina mama wakitwange na kukichemsha sana.

Pumba za mahindi zimejaa wanga na zikitegemewa peke yake hazina nyuzinyuzi za kutosha. Chakula cha kuku ni kibaya zaidi. Kile cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi mno, ambayo sungura huifyonza kwa wingi na kuimwaga kwenye mkojo mpaka ukawa mzito kama maji ya chokaa ya kupakia ukuta. Na baadhi ya dawa za kuzuia kuhara damu zinazochanganywa kwenye chakula cha kuku, salinomaisini na narasini zikiwamo, kuku anazivumilia lakini sungura zinaweza kumuua. Anayetaka chakula cha kusaga na kugandamizwa anunue kilichotengenezwa kwa ajili ya sungura, na sungura aliyekwisha kukua apewe kiasi cha gramu 25 hivi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, sehemu kubwa ya tumbo ikiachiwa nyasi.

Imeenea pia imani kwamba sungura hanywi maji, na nimeikuta kwa watu wazima wenye elimu zao. Sungura hunywa, tena sana kwa umbo lake: mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo kwa siku. Nadhani imani hiyo ilitokana na wale wanaolishwa majani mabichi mchana kutwa, ambao hupata maji humo. Anayekula hei asipopata maji, kilichomo tumboni hukauka na kukwama. Na wanaosema umande ndio unaoua sungura wanakaribia ukweli bila kuufikia, kwa sababu kinachodhuru ni majani yaliyokatwa yakarundikwa yakiwa mabichi mpaka yakaanza kupata joto na kuchacha, au yaliyotoka mahali penye vinyesi vya wanyama wengine.

Nirudi kwenye vile vidonge vya rangi mbili. Daktari alinieleza kwamba amoksilini, ampisilini na penisilini zikimezeshwa sungura, pamoja na linkomaisini na klindamaisini, huwaua wale bakteria wema wa kwenye mfuko na kuwaachia uwanja klostridia, na kuhara huja siku kadhaa baadaye, wakati mwenyewe ameshashukuru kwamba dawa imefanya kazi. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, siku kwa siku. Zipo dawa ambazo sungura huzistahimili, na penisilini yenyewe daktari anaweza kuichoma kwa sindano pale inapohitajika, lakini uamuzi huo si wa kaunta. Kuhara kwa vitoto vya wiki nne hadi 16 kunaweza pia kuletwa na koksidia, kijidudu cha ukoo mmoja na kile cha kuhara damu kwa kuku ingawa hakihami kutoka kwa kuku kwenda kwa sungura, na hicho dawa yake ni nyingine kabisa, za jamii ya salfa kwa mfano. Mayai yake hutoka na kinyesi na huhitaji siku mbili au zaidi mahali penye unyevu ndipo yaweze kuambukiza, kwa hiyo anayefagia banda kila siku na kuliacha likauke amekata sehemu kubwa ya mzunguko huo bila kutumia hata shilingi.

Mzazi asiyetaka kukumbuka mengine yote akumbuke kutazama gololi. Za sungura mzima ni za mviringo, kavu, zinalingana, ukubwa wa dengu kwa mkubwa na wa choroko kwa kitoto, na ukizivunja utaona nyasi zilizosagika. Zikianza kuwa ndogo na zisizolingana, au chache, au zikaungana kwa ute, shida imeanza ingawa sungura mwenyewe bado anarukaruka. Mnyama asiyekula wala kunya kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura, na kwa kitoto usizingoje zote. Ukimwinua na kusikia tumbo likisukasuka kama maji ndani ya kibuyu, usitafute ushauri kwa jirani. Mpe joto, muwekee nyasi na maji karibu, usimlazimishe kitu kilichotoka jikoni, umfikishe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kwa wauza sungura ninaomba mambo mawili ambayo hayawapunguzii faida. Wasiuze kitoto kabla ya wiki nane, na wamwambie mnunuzi ukweli wa tarehe kilipozaliwa hata kama ni kwa kuandika kwenye kipande cha boksi. Pili, kila kitoto kiondoke na mfuko mdogo wa chakula kilichokuwa kikila, cha kutosha wiki moja. Aliyeniuzia hawa nilio nao sasa alifanya hivyo bila kuombwa, akaongeza na furushi la ukoka mkavu, na bei yake ilimzidi yule wa barabarani kwa shilingi elfu tatu tu. Kwa wenye maduka ya dawa za mifugo ninaomba moja: mteja akija na sungura kikapuni, wamfunue wamtazame, na kama hawamjui mnyama huyo, wamwelekeze kwa anayemjua.

Mwisho, Ndugu Mhariri, nakuomba barua hii, ikikupendeza, itoke wiki mbili au tatu kabla ya sikukuu, kwa sababu ikitoka baada ya hapo maboksi yatakuwa yameshauzwa.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro.